Rubani Aliyepotea: Maisha ya Antoine de Saint-Exupéry

Mhariri ameniomba niandike juu ya mtu mashuhuri wa zamani, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi kila tunapokutana. Wenzangu wameshaandika juu ya wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua rubani wa Kifaransa ambaye hakushinda vita yoyote, na ambaye alianguka na ndege mara nyingi kuliko inavyompasa rubani. Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila darasa halikukosa kijana wa kuniuliza tarehe zina faida gani. Sikuwahi kumjibu vizuri. Leo najaribu.

Antoine de Saint-Exupéry alizaliwa Lyon tarehe 29 Juni 1900. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alipokua alishindwa mtihani wa kuingia chuo cha maafisa wa jeshi la majini (ninyi wa kidato cha nne, msilitumie jambo hili kujitetea kwa wazazi wenu). Mwaka 1921 aliingia jeshini huko Strasbourg akajifunza kurusha ndege, na mwaka 1926 akaajiriwa na kampuni ya Latécoère iliyokuwa ikisafirisha barua kutoka Toulouse hadi Casablanca na Dakar. Injini za siku zile zilizimika bila taarifa, na rubani aliyelazimika kutua jangwani aliweza kutekwa na kudaiwa fidia. Mwaka 1927 alipewa kusimamia kituo cha Cap Juby, ukingoni mwa Sahara, ambako sehemu ya kazi yake ilikuwa kuzungumza na wenyeji ili marubani waliotekwa waachiwe. Huko ndiko alikoandika kitabu chake cha kwanza, usiku, katika kibanda chenye bahari upande mmoja na mchanga upande wa pili.

Baadaye alifanya kazi Argentina, akaoa, akapata tuzo ya uandishi mwaka 1931. Tarehe 30 Desemba 1935, akishindana na muda kwenda Saigon, ndege yake ilijibamiza katika Jangwa la Libya. Yeye na fundi wake walitembea siku kadhaa karibu bila maji, mpaka Mbedui mmoja alipowakuta na kuwaokoa. Vita vilipofika mwaka 1939 alirushwa katika kikosi cha upelelezi wa angani. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alikwenda New York, na huko mwaka 1943 kikatoka kitabu kidogo cha mtoto aliyeshuka kutoka katika nyota yake. Sisi tunacho kwa Kiswahili, kimechapishwa Dar es Salaam kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme.

Angeweza kukaa New York mpaka vita viishe. Badala yake aliomba, akasumbua wakubwa, akarudishwa kikosini kwake Afrika ya Kaskazini. Umri wake ulikuwa umepita kwa mbali kiwango kilichokubaliwa kwa marubani wa ndege ya P-38 ya Marekani. Mwili wake ulikuwa umejaa mavunjiko ya zamani hata akahitaji msaada kuvaa nguo za urubani. Mwezi Agosti 1943 aliharibu ndege wakati wa kutua, akazuiwa kuruka. Akaanza upya kuomba. Mimi kama mwalimu wake ningemkatalia. Lakini alikubaliwa, na Julai 1944 alikuwa Borgo, kisiwani Corsica, akipiga picha za Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, kwa ndege isiyokuwa na bunduki hata moja.

Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1944, yapata saa tatu kasorobo, aliondoka kuelekea upande wa Grenoble na Annecy. Alitazamiwa kurudi saa sita na nusu. Hakurudi. Wenzake walisubiri, na ilipofika saa nane na nusu mchana wakajua kwamba, popote alipo, hayuko tena angani, maana mafuta yake yalikuwa yamekwisha. Hesabu hiyo ya mafuta na maneno machache katika kumbukumbu za kikosi ndivyo vilivyobaki. Hakuna aliyeona ndege ikianguka ambaye neno lake liliweza kuthibitishwa. Mwaka 1967 jina lake lilichongwa katika Panthéon mjini Paris, kwa kuwa halikuwapo kaburi la kuwekea shada.

Niruhusuni niseme la nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alikwenda katika vita hivyo hivyo na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Barua iliyokuja ilisema kwamba hajulikani alipo, basi. Bibi hakuwa na siku ya kusomea hitima, akachagua mwenyewe siku ambayo mwanawe alipanda treni. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga, ndicho kikosi chake. Bibi alikuwa ameshafariki. Nilimpelekea shangazi tarehe ile, naye akaniuliza kama ilikuwa usiku au mchana. Nikamwambia mchana. Alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Tangu siku ile nikaanza kufuatilia habari za watu waliopotea bila tarehe, na ndipo nilipokutana tena na rubani huyu.

Kwa miaka mingi watu walifuata njia isiyo yake. Afisa mmoja wa upelelezi wa Kijerumani alikuwa ameandika katika daftari lake habari ya ndege ya upelelezi iliyoanguka baharini ikiwaka moto, na wengi wakaamini kwamba ndiyo ya tarehe 31. Watafiti walipolinganisha kumbukumbu za Wamarekani na za Wajerumani waliona kwamba habari ile inamhusu rubani mwingine, Mmarekani, mwenye ndege ya aina hiyo hiyo, aliyeangushwa tarehe 30 Julai. Siku moja tu ya tofauti! Mwaka 1992 chombo cha utafiti kilichunguza sakafu ya bahari karibu na Nice, bila mafanikio.

Tarehe 7 Septemba 1998 mvuvi wa Marseille, Jean-Claude Bianco, alivua bangili ya fedha karibu na kisiwa cha Riou, mbali kabisa na Nice. Ilikuwa na jina la Antoine, la mkewe Consuelo, na la wachapishaji wake wa New York. Wako waliosema ni ya kughushi, na maskini mvuvi akaonekana tapeli. Lakini mwaka 2000 mpiga mbizi Luc Vanrell alitangaza kwamba katika eneo hilo kuna mabaki ya P-38, na mwaka 2003 vipande vikatolewa. Kimojawapo kiliposafishwa kilionyesha tarakimu nne zilizogongwa kiwandani: 2734. Katika orodha za kiwanda cha Lockheed namba hiyo ni ya ndege ambayo jeshi la Marekani liliisajili kwa namba 42-68223. Na katika kumbukumbu za hasara, ndege hiyo ndiyo iliyoondoka Borgo tarehe 31 Julai 1944 na Saint-Exupéry ndani yake. Jambo hili lilitangazwa Aprili 2004, miaka 60 kasoro miezi michache.

Angalieni kilichotokea. Chuma peke yake kisingesema tarehe, na daftari peke yake lisingesema mahali. Kuna karani wa kiwandani aliyeandika namba, na karani wa kikosi aliyeandika saa, nao hawakujuana kamwe.

Mwaka 2008 alijitokeza mzee wa Kijerumani, Horst Rippert, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, akasema ndiye aliyemwangusha. Magazeti yaliandika sana. Watafiti walirudi kwenye nyaraka za jeshi la anga la Ujerumani na hawakukuta ushindi wake wa siku hiyo. Mabaki nayo hayakuonyesha alama ya risasi, ingawa yaliyopatikana ni sehemu ndogo tu ya ndege. Mimi simwamini mzee yule, ila simwiti mwongo. Miaka 64 ni mingi kwa kichwa cha mtu.

Vipande vya ndege vimewekwa katika makumbusho ya Le Bourget, karibu na Paris. Nakala moja ya Mwana Mdogo wa Mfalme nimeikabidhi kwa mkutubi wetu kwa ajili ya wanafunzi waliopo sasa. Atakayeiazima aandike jina lake na tarehe katika daftari, na airudishe.