Italo Balbo: Kamanda aliyetunguliwa na mizinga ya jeshi lake

Jioni ya Juni 28, 1940, ndege mbili za kijeshi za Italia zilikuwa zinakaribia mji wa Tobruk, pwani ya Libya. Moja ilikuwa inarushwa na Italo Balbo, gavana wa Libya na kamanda wa majeshi ya Italia huko Afrika Kaskazini. Muda mfupi baadaye ndege hiyo ilianguka ikiwaka moto. Watu wote 9 waliokuwemo walikufa. Waliowatungua hawakuwa Waingereza, walikuwa Waitalia wenzao.

Katika makala ya leo tunaangalia maisha ya mtu huyu, kwa sababu kifo chake kinatuonyesha jambo ambalo kwenye taarifa za vita hupitishwa kwa sentensi moja tu: wapiganaji kuuawa na upande wao wenyewe.

Alikuwa nani?

Balbo alizaliwa Juni 6, 1896 karibu na mji wa Ferrara, kaskazini mwa Italia. Alipigana milimani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini, akaongoza makundi ya wapiga watu waliovaa mashati meusi. Makundi hayo yaliwashambulia wakulima na vibarua waliojiunga pamoja kudai haki zao, na kuchoma ofisi zao. Mwaka 1922 alikuwa mmoja wa viongozi wanne wa maandamano ya Roma yaliyomwingiza Mussolini madarakani. Kwa hiyo hatumsimulii hapa kama shujaa.

Dunia ilimjua zaidi kwa ndege. Mwaka 1933 aliongoza kundi la ndege zinazotua majini, akavuka nalo bahari ya Atlantiki. Ndege 24 zilifika Chicago, Marekani, na umati mkubwa ukajitokeza kuwalaki. Hadi leo mji huo una barabara yenye jina lake.

Mwaka uliofuata alipelekwa Libya kuwa gavana. Wengi waliona kwamba Mussolini alitaka kumweka mbali mtu aliyeanza kung'ara kuliko yeye. Huko Balbo alijenga barabara kuu ya pwani, kutoka mpaka wa Tunisia hadi wa Misri. Mwaka 1938 alipokea walowezi wa Kitaliano wapatao 20,000 kwa mpigo mmoja, huku Walibya wakipoteza ardhi yao.

Hata hivyo, ndani ya serikali ya Mussolini alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga urafiki na Hitler, sheria za kuwabagua Wayahudi na kuingia vitani. Hakusikilizwa. Juni 10, 1940 Italia ilitangaza vita. Vita hivyo vilifika hadi kwetu Afrika Mashariki, maana Italia ilikuwa inaitawala Ethiopia, inayopakana na Kenya.

Siku ya 18 ya vita

Muda mfupi kabla Balbo hajafika Tobruk, ndege za Uingereza zilikuwa zimeushambulia uwanja wa ndege wa mji huo. Moshi ulikuwa bado unapanda. Wapiga mizinga walikuwa macho juu, wakisubiri adui arudi. Ndege mbili zilipotokea, hawakuzitambua. Mizinga ya nchi kavu na ya meli ya kivita San Giorgio, iliyokuwa bandarini, ikafyatua. Ndege ya pili iliponea chupuchupu.

Uvumi ulienea kwamba Mussolini ndiye aliyepanga kifo hicho, na wapo jamaa wa Balbo walioamini hivyo. Lakini wanahistoria wengi wanaona ilikuwa ajali ya vita. Waingereza wenyewe waliangusha salamu za rambirambi kutoka angani.

Balbo alikuwa na miaka 44. Pamoja naye alikufa mpwa wake, shemeji yake na Nello Quilici, mhariri wa gazeti, aliyeacha mtoto wa kiume wa miaka 10 aitwaye Folco. Mtoto huyo alikua, akawa mtengeneza filamu na mwandishi, na baada ya zaidi ya miaka 60 akaandika kitabu kuhusu siku ile.

Kwa nini hutokea?

Silaha za kisasa huua kutoka mbali. Anayefyatua haoni uso, anaona nukta angani au moshi ardhini. Ana sekunde chache za kuamua, na akichelewa huenda akafa yeye. Taarifa ikikosekana, au ikichelewa kidogo, basi.

Julai 25, 1944 huko Normandy, Ufaransa, ndege za Marekani zilidondosha mabomu juu ya askari wao wenyewe. Moshi na vumbi vilikuwa vimefunika mstari wa mbele. Wamarekani 111 waliuawa na 490 kujeruhiwa. Vitabu vingi humtaja mmoja wao tu, Jenerali Lesley McNair. Wale wengine 110 nao walikuwa na wazazi waliosubiri barua.

Na yupo mtu mwingine asiyehesabiwa kati ya waliokufa wala waliojeruhiwa: yule aliyefyatua. Wale askari wa Tobruk walifanya walichofundishwa kufanya. Jioni ile ile wakajua waliyemuua ni nani, na vita vikaendelea. Januari 1941 Tobruk ikaanguka mikononi mwa adui, na maelfu ya Waitalia wakachukuliwa mateka. Siku ukisikia kwenye taarifa yetu ya habari kwamba askari wameuawa kimakosa na wenzao, ujue kuna familia mbili zisizolala usiku huo: ya aliyekufa, na ya aliyefyatua.