Nabii Yeremia

Yeremia alizaliwa Anatoti, kijiji kilicho karibu na Yeruzalemu. Alikuwa angali kijana Mungu alipomwita na kumwonyesha mambo yatakayokuja: adui watatoka kaskazini, nao watauteketeza mji pamoja na hekalu.

Kujua hayo kulikuwa mzigo mzito. Mungu alimkataza kuoa, maana watoto wa siku zile wangekufa kwa njaa na kwa upanga. Alijaribu kunyamaza, asiweze. Aliposema, watu walimpiga na kumwita msaliti, yeye aliyeipenda nchi yake kuliko wao!

Siku moja wakuu walimtumbukiza katika kisima kisicho na maji, akazama matopeni. Aliyemhurumia ni mgeni, Ebedmeleki, mtu wa Kushi, nchi ya watu weusi kusini ya Misri. Alimshushia kamba, na matambara ya kuweka makwapani ili kamba isimchubue.

Karibu na mwaka wa 587 kabla ya Kristu, Wababiloni waliuteka mji na kuuchoma. Jemadari wao alimwahidi Yeremia maisha mema huko Babiloni. Yeye akachagua kubaki na maskini waliosalia.