Ngongo Lutete, mtu wa pande mbili

Ngongo Lutete alianza maisha kama mtumwa wa Waarabu, akaupata ungwana wake kwa bunduki, kisha akawa mkuu wa vita wa Tippu Tip upande wa mto Lomami, makao yake yakiwa Ngandu. Neno ungwana silitumii ovyo: Kiswahili chetu cha Maniema kiliitwa Kingwana, lugha ya watu huru, na wengi walioieneza walikuwa watumwa wa jana kama yeye.

Mwaka 1892, baada ya kupigwa na Dhanis, alihamia upande wa Dola Huru ya Kongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyetawala Kasongo, alidai arudishiwe mtu wake. Akakataliwa, vita vikawaka. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo Aprili. Vitabu vingi humpa Dhanis ushindi huo. Mimi naona bila watu wa Ngongo asingeuvuka Lualaba. Sisemi alikuwa mwema. Vijiji alivyochoma ni vingi.

Septemba 1893, maofisa wachache wa Kizungu waliobaki Ngandu walimshtaki kwa uhaini, wakamhukumu wenyewe, wakampiga risasi. Ushahidi wao ulikuwa dhaifu. Dhanis alituma mtu kuwazuia, akafika amechelewa.

Kabambare ilianguka Januari 1894, Ngongo akiwa kaburini. Julai 1895 askari waliokuwa wake waliasi kule Luluabourg, wakamuua kamanda wao, Pelzer.