Nabongo Mumia: mpaka ulihama, yeye akabaki

Sisi wa pwani tukisikia Mumias, fikra huenda kwenye sukari. Wazee wetu wa misafara waliijua kama Kwa Sundu, kituo cha kununua chakula kabla ya kuingia Buganda. Sundu huyo ni Shiundu, Nabongo wa Wawanga. Alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1880, alirithiwa na mwanawe Mumia. Uislamu wa Mumias nao ulifika kwa njia hiyo hiyo ya misafara, ndiyo maana nasema habari zake ni zetu pia.

Mumia alizungukwa na majirani wakali, Wabukusu upande mmoja, Wajaluo wa Ugenya upande mwingine. Akategemea wageni wenye bunduki. Mwingereza Hobley alipotumwa hapo mwaka 1895, Mumia akawa mtu wa kati: serikali ikitaka neno na majirani, hupitia kwake.

Mwaka 1902 Waingereza wakaichukua nchi yake kutoka Uganda na kuitia upande wa Mombasa. Hakuhama hata hatua moja, mpaka ndio uliohama! Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu.

Hapo mimi namlaumu. Nduguze walitawazwa juu ya wasio Wawanga, Murunga kwa Wabukusu, Mulama kwa Wamarama. Kinyongo kilidumu miaka mingi.

Mwaka 1920 ofisi ikahamia Kakamega. Mumia akafariki mwaka 1949, akiuachia mji jina lake, pamoja na ile "s" ya Kiingereza.