Derrick Thomas, Mwana wa Rubani

Wasomaji wetu wa jeshi na polisi huzoea kusoma habari za mabondia na wanariadha. Leo twapenda kuwaletea maisha ya marehemu Derrick Thomas, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki mwaka 2000. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mtoto wa askari aliyeuawa vitani, na watoto wa namna hiyo wamo katika kila kambi.

Futiboli hiyo si kandanda yetu. Huchezwa na watu 11 kila upande, wamevaa kofia ngumu na mabega ya kujikinga, na mpira wake ni mrefu mithili ya yai. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi ni mgawa mpira, ambaye huupokea, hurudi nyuma hatua chache, kisha huutupa kwa mwenzake aliye mbele. Upande wa ulinzi una safu ya kwanza ya majitu yanayosukumana na adui kifua kwa kifua. Nyuma ya safu hiyo husimama wale wanaoitwa lainibeka. Askari ataielewa kazi yao upesi: ni kusoma nia ya adui, kuziba pengo linapotokea, na nafasi ikipatikana, kupenya hadi kwa mgawa mpira na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi.

Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa shabiki mkubwa wa mchezo huu, na mwaka 1972 mashambulizi makubwa ya anga dhidi ya Vietnam ya Kaskazini yalipewa jina hilo hilo la lainibeka. Operesheni ya kwanza ilianza mwezi Mei ikamalizika Oktoba. Ya pili ilianza usiku wa tarehe 18 Desemba, ikadumu siku 11 kasoro mapumziko ya Krismasi, nayo iliwapotezea Wamarekani ndege 15 za B-52. Uhalali wa vita vile hatutaujadili hapa. Tunachotaka kusema ni kwamba B-52 ya kwanza kuangushwa usiku ule ilikuwa imeruka kutoka kisiwa cha Guam, ikapigwa kombora karibu na Hanoi. Watu sita walikuwamo. Watatu walitekwa na watatu walikufa. Miongoni mwa waliokufa alikuwa rubani msaidizi, Robert Thomas.

Mwanawe Derrick alizaliwa mjini Miami, jimbo la Florida, tarehe 1 Januari 1967. Habari za msiba zilipofika, alikuwa amebakiwa na majuma mawili tu kutimiza miaka sita. Basi, tangu utotoni mwake, neno lile la lainibeka lilikuwa jina la operesheni iliyomchukua baba yake.

Alilelewa na mama yake na bibi yake. Walijitahidi, lakini mtaa nao una malezi yake. Kijana alianza kuandamana na makundi mabaya, akakamatwa kwa wizi wa kuvunja nyumba. Hapa twaomba ndugu zetu polisi wasome kwa makini. Badala ya kutupwa gerezani pamoja na wahalifu wazoefu, alipelekwa katika taasisi ya vijana iliyoitwa Dade Marine Institute, ambako watoto wenye makosa walisomeshwa darasani na kufundishwa kazi za baharini chini ya nidhamu kali. Alitoka huko mtu mwingine. Kama yule aliyemkamata angehesabu kazi yake imekwisha pale mlango wa mahabusu ulipofungwa, yumkini habari hii isingeandikwa kamwe.

Kutoka shule ya sekondari aliingia Chuo Kikuu cha Alabama, akachagua nafasi ya lainibeka. Katika msimu wa mwaka 1988 peke yake aliwaangusha wagawa mpira mara 27, akapewa tuzo ya Butkus ambayo hutolewa kwa lainibeka bora wa vyuo. Mwaka uliofuata timu ya Kansas City Chiefs ilimchukua, akiwa mchezaji wa nne kuchaguliwa nchini kote. Mwisho wa msimu wake wa kwanza alitajwa kuwa mlinzi bora miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi. Hakuwa mzito kama walinzi wengi, lakini hatua yake ya kwanza ilikuwa ya umeme: mpira ulipoguswa tu, yeye alikwisha kumpita mtu aliyewekwa kumzuia.

Siku iliyomfanya ajulikane nchini kote ilikuwa tarehe 11 Novemba 1990. Wamarekani huiadhimisha tarehe hiyo kwa kuwaheshimu askari wao wa zamani. Kabla ya mchezo ndege za kivita zilipita juu ya uwanja wa Kansas City, na Thomas alieleza baadaye kwamba mawazo yake yalimwendea baba yake. Wapinzani walikuwa Seattle Seahawks, na mgawa mpira wao aliitwa Dave Krieg.

Thomas alimwangusha Krieg mara saba. Kwa mchezaji wa kawaida mara moja katika mchezo ni kazi nzuri, na mara tatu ni sifa ya kusimuliwa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kufikisha saba katika mchezo mmoja wa ligi tangu maangusho hayo yalipoanza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982. Hata hivyo, zikiwa zimesalia sekunde nne, Chiefs waliongoza kwa pointi 16 dhidi ya 10 tu, na Seattle walikuwa na jaribio moja la mwisho. Krieg alirudi nyuma. Thomas alipenya tena, akamfikia, akamshika. Hilo lingekuwa la nane, na mchezo ungekwisha pale pale. Lakini Krieg alipepesuka, akajinasua, akasimama, akatupa mpira yadi 25 hadi kwa Paul Skansi, aliyeudaka ndani ya eneo la bao. Pointi ya nyongeza ikafuata: Seattle 17, Kansas City 16.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa kadeti twaitambua hali hiyo vizuri. Zoezi hukaguliwa kwa matokeo ya lengo, wala si kwa idadi ya risasi zilizopata shabaha kabla yake. Thomas mwenyewe aliliona hivyo, kwani jioni ile hakufurahia rekodi yake, bali alizungumzia lile angusho lililomponyoka.

Alimaliza msimu huo na maangusho 20, akaendelea na Chiefs kwa misimu 11 bila kuhama, hadi jumla ikafika 126 na nusu. Nusu ni pale wawili wanapogawana angusho moja. Alichaguliwa mara tisa kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi. Ubingwa wa Marekani hakuupata kamwe. Wala hatutaficha doa lake: mwezi Novemba 1998, katika mchezo dhidi ya Denver, hasira zilimshinda, akafanya makosa matatu ya utovu wa nidhamu katika shambulio moja la wapinzani, na timu yake ikamsimamisha kwa mchezo mmoja.

Nje ya uwanja alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto mwaka 1990. Aliupa jina la ile hali ya jaribio la tatu, wakati umbali uliobaki bado ni mrefu. Siku za Jumamosi alikwenda katika maktaba za Kansas City kusoma vitabu pamoja na watoto wa mitaa maskini. Kwa kazi hiyo ligi ilimpa tuzo yake ya utumishi kwa jamii ya mwaka 1993.

Tarehe 23 Januari 2000 alikuwa akiendesha gari kuelekea uwanja wa ndege wa Kansas City, pamoja na abiria wawili, wakaangalie mchezo mjini St. Louis. Barabara ilikuwa na theluji na barafu. Gari liliteleza likapinduka mara kadhaa. Thomas na abiria mmoja hawakuwa wamefunga mikanda. Wote wawili walirushwa nje, na yule abiria akafa. Abiria mwingine alikuwa amefunga mkanda, akapata majeraha madogo tu. Thomas alivunjika uti wa mgongo, akapooza kutoka kifuani kwenda chini. Alihamishiwa hospitali ya Miami, akafanyiwa matibabu, na watu wakaanza kuwa na matumaini. Tarehe 8 Februari, alipokuwa akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, damu iliyoganda ilisafiri ikaziba mshipa wa mapafu, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Mwaka 2009 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, jimbo la Ohio. Jina la baba yake limechorwa mjini Washington, katika ukuta wa mawe meusi, pamoja na ya askari wengine zaidi ya 58,000 waliopotea katika vita vya Vietnam.