Lighthill, msomi aliyeifichua ngurumo ya jeti

MEI 2, 1952, ndege aina ya Comet iliruka kutoka London kwenda Johannesburg, ikawa jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa nauli katika safari ya ratiba. Njiani ilitua Entebbe, Uganda.

Mwaka huohuo, profesa wa hisabati wa Manchester, Uingereza, mwenye umri wa miaka 28, alichapisha andiko lililoeleza kelele za injini hizo zinatoka wapi.

Huyo ni James Lighthill, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, Januari 23, 1924, na kusoma Cambridge.

Wengi hudhani ngurumo hiyo ni ya vyuma. Lighthill alionyesha kuwa sehemu kubwa huzaliwa nyuma ya injini, pale hewa ya moto inayofyatuka kwa kasi inapokutana na hewa iliyotulia. Zikisuguana, hutokea visulisuli, navyo ndivyo vinavyonguruma. Kwa hesabu yake, kasi ya hewa hiyo ikiongezeka maradufu, nguvu ya sauti huongezeka mara 256.

Kwa hiyo hewa inayoizunguka ina uamuzi mkubwa. Ikisafiri upande uleule, tofauti ya kasi hupungua na visulisuli hulegea. Injini za leo zenye feni pana huivisha hewa ya moto koti la hewa baridi iendayo polepole zaidi. Kusema kweli, wahandisi walitafuta kwanza kuokoa mafuta. Utulivu ulikuja kama nyongeza.

Lakini kanuni haina upendeleo. Kuanzia 1959 hadi 1964 Lighthill aliongoza taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, wakati misingi ya Concorde ikiandaliwa. Ndege hiyo ilihitaji injini nyembamba zinazotema hewa kwa kasi kubwa, na mwaka 1977 kelele zake ziliwatoa wakazi wa New York mitaani kuipinga.

Baadaye aligeukia bahari, akichunguza jinsi upepo wa kusi unavyousukuma mkondo wa pwani ya Somalia. Mwaka 1969 alikalia kiti cha uprofesa cha Cambridge alichowahi kukikalia Newton.

Mwaka 1973 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea kukizunguka kisiwa cha Sark, katika Mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Julai 17, 1998, akiwa na miaka 74, alifariki dunia majini, akikizunguka kisiwa hichohicho.