MTUMISHI WA MUNGU PETER CAMERON SCOTT (1867–1896)

Katika jubilii hii ya kwaya yetu ni vyema tumkumbuke mtumishi aliyeanzisha kazi ya Africa Inland Mission hapa Ukambani. Wengi tunamjua kama mmisionari. Wachache wanajua kwamba alikuwa mwimbaji.

Peter Cameron Scott alizaliwa mwaka 1867 mjini Glasgow, Scotland. Familia yake ilihamia Philadelphia, Marekani, na huko akasomea uimbaji, kwa maana Mungu alimjalia sauti nzuri. Wazazi wake, watu wa kumcha Mungu, hawakupenda aimbe katika majumba ya starehe. Inasimuliwa kwamba siku moja alikwenda kutafuta nafasi katika kundi la waimbaji wa opera. Akiwa kwenye ngazi za jumba lile, moyo wake ulishikwa na swali: je, ataishi kwa kujitukuza mwenyewe au kwa kumtukuza Mungu? Akageuka, akaenda zake.

Alisoma New York katika chuo cha A. B. Simpson, aliyefundisha kwamba Yesu ni Mwokozi na pia ni Mtakasaji. Msamaha huondoa hatia ya dhambi. Utakaso huvunja utawala wake. Wala mtu hajitakasi kwa nguvu zake, bali hujitoa kwa Mungu, viungo vyake vyote, kama tunavyofundishwa katika Warumi 6.

Kujitoa huko kulijaribiwa. Mwaka 1890 alikwenda Kongo. Ndugu yake John akamfuata, lakini baada ya miezi michache akafariki, na Peter akamzika kwa mikono yake mwenyewe. Pale kaburini alijitoa upya kwa Bwana. Baadaye ugonjwa ulimrudisha Uingereza. Jijini London, penye kaburi la David Livingstone, alisoma maneno ya Yohana 10:16 kuhusu kondoo wengine, na mzigo wa Afrika ukamrudia.

Oktoba 1895 alifika Mombasa na wenzake, akiwemo dada yake Margaret. Walipanda hadi Nzaui, wakafungua kituo cha kwanza. Katika muda wa mwaka mmoja vilifuata Sakai, Kilungu na Kangundo. Tarehe 4 Desemba 1896 homa ilimwua, akiwa na umri wa miaka 29. Wenzake kadhaa walikufa au kuondoka, hata mwaka 1899 akabaki mmisionari mmoja tu. Kwa macho ya wanadamu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Bwana aliihifadhi, na leo matunda yake ni Kanisa la Africa Inland.

Wanakwaya, sauti yaweza kuwa safi na moyo ukabaki mtumwa wa majivuno. Scott alitoa moyo kwanza, na sauti ikafuata. Miaka hii ambayo Bwana ametupa, tumwimbie tukiwa watu waliowekwa huru. Amina.